Ibn Sina au al-Biruni: ukitaka kuanza na gwiji mmoja, uanze na nani?

Kuna watu wengi wanatamani kusoma kuhusu wale magwiji wa zamani waliokuwa wamebobea kila fani, yani mtu mmoja huyo huyo anatibu wagonjwa, anaandika falsafa, anapiga hesabu za nyota, anajua madini na bado anatunga mashairi. Sasa wakiingia mtandaoni wanakutana na orodha ndefu ya majina, wanasoma mistari miwili miwili ya kila mmoja, na mwisho wa siku hawajamjua hata mmoja. Mi nashauri chagua mmoja ukae naye miezi kadhaa. Na ukiniuliza, wa kuchagua kati yao ni wawili, Abu Ali Ibn Sina na Abu Rayhan al-Biruni. Leonardo da Vinci simweki hapa kwa sababu maandishi aliyotuachia ni madaftari zaidi kuliko vitabu vilivyokamilika, na Cheikh Anta Diop wa Senegal anastahili andiko lake peke yake.

Uzuri wa hawa wawili ni kwamba kuwalinganisha ni haki kabisa, maana ni watu wa zama moja na upande mmoja wa dunia. Al-Biruni kazaliwa 973 mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, Ibn Sina kazaliwa karibu 980 kijiji cha Afshana jirani na Bukhara, na pote hapo saivi ni Uzbekistan. Wote waliandika zaidi kwa Kiarabu japo hakuna hata mmoja aliyezaliwa nacho. Wote waliishi kwa kutegemea watawala ambao leo wapo kesho wamepinduliwa. Na walijuana! Waliandikiana barua wakabishana vibaya sana, nitazieleza chini kwa sababu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tuanze na tabia zao maana ndo zinaamua utampenda nani. Angalia kila mmoja alivyosoma lugha akiwa mtu mzima.

Ibn Sina alikuwa Isfahan, kwenye baraza la mtawala Ala al-Dawla, siku hiyo akatoa hoja kuhusu neno la Kiarabu, na pale pale mtaalamu mmoja wa lugha anaitwa Abu Mansur akamwambia wewe ni mwanafalsafa na tabibu ila lugha hujaisoma kiasi cha sisi kukusikiliza. Ilimuuma. Akakaa miaka 3 anachimba vitabu vya lugha, akaagiza mpaka Khorasan kamusi kubwa ya al-Azhari, alafu akatunga kasida 3 zimejaa maneno adimu, akazifunga kwenye jalada na kulichakaza lionekane la zamani, akamwomba mtawala ampelekee Abu Mansur na kusema kimeokotwa jangwani wakati wa kuwinda, hebu tusomee. Abu Mansur akawa anakwama neno baada ya neno, na kila akikwama Ibn Sina anamwambia hilo lipo kitabu fulani mahali fulani. Mwisho yule bwana akajua ni kazi ya nani, akaomba radhi. Habari hii imeandikwa na al-Juzjani, mwanafunzi wake aliyekaa naye miaka mingi.

Al-Biruni alisoma Kisanskriti. Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliivamia Khwarazm akamchukua pamoja na watu wengine wa elimu mpaka Ghazni, Afghanistan ya leo, na kwa kuwa majeshi ya Mahmud yalikuwa yanaingia India mara kwa mara, al-Biruni akapata njia ya kufika kaskazini ya India. Alikuwa ana miaka zaidi ya arobaini. Anasema mwenyewe kwamba lugha ni ngumu, sauti zake nyingine masikio ya wageni hayazikamati, na kwamba mwanzoni alikaa mbele ya wanajimu wa Kihindu kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na hakubania hela wala taabu kutafuta vitabu vyao. Akatafsiri maandishi yao kwenda Kiarabu, na akawa anawatafsiria wao vitabu vya Wagiriki wa kale, Euclid wa jometri na Ptolemy wa falaki, kwa Kisanskriti.

Kwa hiyo mmoja alisoma lugha ili asishindwe tena kwenye baraza, mwingine alisoma ili awasikie watu ambao wenzake wote walikuwa wanawaona maadui tu. Sisemi wa kwanza ni mbaya, ile hasira ya Ibn Sina ndo injini yake, na miaka 3 ya kusoma sio mchezo. Ila nadhani umeshaanza kuona unakutana na nani.

Sasa barua. Al-Biruni alimtumia Ibn Sina maswali 18, kumi yanakosoa kitabu cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu mbingu na manane ni ya fizikia, maswali yake mwenyewe. Kumbuka ni mkubwa kwa miaka kama saba anamuuliza kijana ambaye tayari ana jina. Na maswali yenyewe sio ya kubembeleza. Kwa nini lazima umbo la mbingu liwe la mviringo kamili na sio la yai? Kwa nini Aristotle anasema haiwezekani kuwe na ulimwengu mwingine tofauti na huu? Kama vitu vinatanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, mbona chupa iliyojaa maji inapasuka maji yakiganda? Na mbona barafu inaelea juu ya maji?

Hilo la chupa hebu litulie kichwani kidogo. Yeyote aliyesahau chupa ya maji kwenye friza ameliona, chupa ya kioo inapasuka, ya plastiki inavimba tumbo. Leo tunajua maji yakiganda yanachukua nafasi kubwa zaidi kwa sababu molekuli zake zinajipanga kwa uwazi zaidi kwenye barafu, ndo maana pia barafu inaelea. Miaka elfu moja iliyopita hakuna aliyejua hilo, lakini al-Biruni aliona kwamba kanuni waliyokuwa wanafundishwa haikubaliani na chupa iliyo mbele yake, na akakataa kuliacha lipite. Ibn Sina alijibu maswali yote akitumia misingi ya Aristotle, kwa mfano barafu alisema inaelea kwa sababu imebeba chembe za hewa ndani yake. Al-Biruni hakuridhika, akaandika mapingamizi kwa ukali, na safari hii Ibn Sina hakujibu mwenyewe, alimwachia mwanafunzi wake al-Masumi ajibu.

Ukisoma barua hizo unaona njia mbili za kuwa mjuzi wa fani nyingi. Ibn Sina anataka elimu yote isimame kama nyumba moja, msingi ni mantiki, juu yake fizikia, hisabati, mpaka kileleni ilahiyati, yani elimu ya Mungu na asili ya kuwepo kwa vitu vyote, na jiwe moja likitikisika lazima aonyeshe bado limeshikwa na mengine. Al-Biruni anachukua jambo moja moja, anauliza tumelipimaje, nani kasema, na je wengine wanasemaje. Wote wanajua fani nyingi lakini mmoja anaziunganisha, mwingine anazihoji. Na ndo maana mi siamini ushauri wa kusema soma wote tu, kwa sababu ukiwasoma kwa pamoja bila kuchagua utajikuta hujashika namna ya yeyote.

Nimuongelee Ibn Sina kwa kina kidogo. Kitabu chake cha al-Qanun fi al-Tibb kina juzuu 5, misingi, dawa moja moja, magonjwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, magonjwa ya mwili mzima kama homa, na dawa za kuchanganya. Karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kwa Kilatini kule Toledo, Hispania, na vyuo vya Ulaya vikakitumia mpaka karne ya 17. Kwa Kiarabu kilichapwa Roma mwaka 1593. Yani fikiria, kitabu cha mtu aliyezaliwa kijijini Afshana kinafundishwa Ulaya miaka mia tano na zaidi baada ya kufa kwake.

Sehemu ya kusoma kwa makini ni juzuu ya pili anapotoa masharti ya kujaribu dawa. Dawa iwe safi, haijaingiliwa na kitu kingine, ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika, uangalie inafanya kazi muda gani, uangalie kama matokeo yanajirudia, na ijaribiwe kwa binadamu kwa sababu ikimfaa simba au farasi sio lazima imfae mtu. Kwa mtu anayesomea famasi hapo atatikisa kichwa. Lakini angalizo la dhati: tiba yenyewe imesimama juu ya yale majimaji manne ya mwili, damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na mambo ya joto na baridi ambayo wazee wetu wa Pwani bado wanayo wakikwambia chakula hiki cha baridi usile na kikohozi hicho. Ni historia ya tiba, usichukue kipimo cha dawa kutoka humo ukampa mtoto.

Kitu kingine wengi wanachanganya, kitabu chake kikubwa kuliko vyote kinaitwa al-Shifa, jina linakufanya udhani ni tiba, kumbe ni falsafa tupu, mantiki, elimu ya maumbile, hisabati na ilahiyati. Sehemu yake kubwa aliiandika Hamadan. Mchana alikuwa waziri wa mtawala Shams al-Dawla, usiku wanafunzi wanakusanyika kwake, huyu anasoma kipande cha Shifa, yule kipande cha Qanun. Mtawala alipokufa Ibn Sina akajificha nyumbani kwa muuza dawa mmoja, akaomba karatasi na wino, kwa siku mbili akaorodhesha vichwa vya mada zote kutoka kichwani bila kitabu hata kimoja mbele yake, alafu akawa anaandika karatasi 50 kwa siku. Baadaye wakamkamata wakamfunga kwenye ngome ya Fardajan kama miezi minne na humo pia akaandika.

Na aliandika shairi la tiba, al-Urjuza, beti zaidi ya 1,300, makusudi wanafunzi wahifadhi kwa moyo. Sisi tunaotoka kwenye tenzi za kufundishia dini na adabu tunaielewa hiyo mbinu bila kuelezwa.

Ugumu wake ni kwamba Shifa hailiki kirahisi. Usianze nayo. Anza na wasifu wake mwenyewe, aliosimulia kisha al-Juzjani akaumalizia, ni mfupi, jioni moja unamaliza, tafsiri ya Kiingereza ipo. Humo ndo anaeleza alivyosoma kitabu cha ilahiyati cha Aristotle mara 40 mpaka kikakaa kichwani na bado hakielewi, hadi siku moja sokoni kwa wauza vitabu mtu akambembeleza anunue kijitabu cha mwanafalsafa al-Farabi kwa dirham 3, akakinunua shingo upande, kufika nyumbani kukisoma kila kitu kikafunguka, kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa masikini. Mtu aliyekuwa anasifika kwa akili kupita wote anakwambia alisoma mara 40 bila kuelewa! Kijana wa sekondari anayejiona hana kichwa cha hesabu apewe ukurasa huo.

Al-Biruni sasa. Huyu Ulaya ya Zama za Kati hawakumtafsiri, ndo maana jina lake halikusambaa kama la mwenzake, na kwa maoni yangu hapo dunia ilipoteza sana. Mwaka 997 alikuwa Kath, kukatokea kupatwa kwa mwezi, akawa ameshapatana na Abu al-Wafa, mtaalamu wa hesabu na nyota aliyekuwa Baghdad, kwamba kila mmoja aandike saa ya tukio kwa saa za kwake, tofauti ya saa ikawapa tofauti ya longitudo kati ya miji miwili. Ana miaka 23 tu hapo.

Kipimo cha dunia ndo kinachomfanya ajulikane zaidi. Kabla yake wapimaji wa khalifa al-Mamun walitembea jangwani kupima urefu wa digrii moja, kazi ya watu wengi na jua kali. Yeye akiwa ngome ya Nandana, Punjab, upande ambao leo ni Pakistan, aliona mlima umetazamana na tambarare pana. Akapima urefu wa mlima kwa pembe mbili akiwa chini, akapata kama dhiraa 652, akapanda juu na kupima upeo wa macho umeshuka kiasi gani chini ya mstari wa mlalo, akapata dakika 34 za pembe, yani zaidi kidogo ya nusu digrii. Hivyo viwili tu, na trigonometria, vinatosha kukupa nusu kipenyo cha dunia. Utakuta mitandaoni wanasema alikosea kwa asilimia ndogo sana, hapo usiwe na haraka, wataalamu wanabishana kuhusu urefu wa dhiraa yake, na hewa inapinda mwanga karibu na upeo jambo ambalo hesabu yake haikuliweka. Ila njia yenyewe ni safi na mwanafunzi wa kidato cha nne akipewa mchoro anaweza kuirudia.

Na kuna sehemu moja inayonigusa kila nikiirudia. Kwenye kitabu chake cha kupima maeneo ya miji, alichokimaliza 1025, ambacho shabaha yake mojawapo ni kujua kibla cha Ghazni kwa hesabu, anasimulia mwaka 1018 yuko kijiji cha Jayfur jirani na Kabul, hana chombo chochote wala kitu cha kutengenezea chombo, maisha yake wakati huo yamevurugika kabisa. Akachora tao la duara nyuma ya ubao wa kupigia hesabu, akaligawa kwa alama ndogo ndogo, akaning'iniza timazi, akapima jua. Mtu katolewa kwao kwa nguvu, hana kitu, na bado siku hiyo hataki ipite bila kipimo. (Kwa sisi wa Pwani kibla tunajua ni kaskazini, misikiti ya kale ya Kilwa na Gedi yote mihrabu inaangalia huko. Ghazni iko mbali upande wa mashariki ya Makka, huwezi kubahatisha.)

Kitabu chake ninachokipigia debe ni kile cha India, cha karibu 1030, sura 80. Anasema mapema kwamba hakuja kubishana na dini ya Wahindu, anaweka maneno yao kama walivyoyasema. Na anaandika wazi kwamba uvamizi wa Mahmud uliharibu nchi ile na kuwatawanya watu kama vumbi, huku yeye mwenyewe anakula kwa watawala wa Ghazni. Inahitaji moyo. Tena kuna sisi humo, anapoelezea Somnath, ule mji wa hekalu kwenye pwani ya Gujarat, anasema ulikuwa kituo cha mabaharia wanaokwenda na kurudi kati ya Sufala ya nchi ya Zanj na China. Ndo Sofala hiyo ya Msumbiji ambayo dhahabu yake iliitajirisha Kilwa baadaye.

Aliyekihariri na kukitafsiri ni Mjerumani Eduard Sachau, tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1888, haki zake zimeisha kwa hiyo unaishusha bure. Sachau huyo huyo ndo alikuwa mkuu wa chuo cha lugha za Mashariki kule Berlin kilichoanzishwa 1887, ambako Kiswahili kilifundishwa kwa maofisa waliokuwa wanaletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na 1894 alichapisha kazi kuhusu mirathi kwa mujibu wa Waarabu wa Kiibadhi wa Zanzibar na Afrika Mashariki.

Ugumu wa al-Biruni ni wa aina nyingine. Kitabu chake kikubwa cha falaki, al-Qanun al-Masudi, bila hesabu huingii hata mlangoni. Kingine, al-Tafhim cha 1029, kimeandikwa kwa maswali na majibu kwa ajili ya bibi mmoja anaitwa Rayhana, kinaanza na jometri kutoka mwanzo kabisa, kwa hiyo hicho kinasomeka, ila sehemu ya mwisho ni unajimu wa kutabiri ambao unaweza kuruka bila hasara. Na tofauti na mwenzake hana mfumo mmoja wa kushika, unatoka kwenye kalenda za mataifa unaingia uzito wa madini, unatoka hapo unaingia dawa, mpaka uizoee pumzi yake.

Basi uchague nani? Kama unasomea udaktari, uuguzi au famasi, Ibn Sina, juzuu ya kwanza na yale masharti ya juzuu ya pili. Kama uko chuo cha dini, Ibn Sina pia, tena kwako ni lazima, kwa sababu al-Ghazali aliandika Tahafut kupinga wanafalsafa kwenye masuala 20 na aliyekuwa anamlenga zaidi ni huyu, huwezi kuelewa jibu bila kujua lilijibu nini. Kama unasomea upimaji ardhi, jiografia, historia, lugha, uandishi wa habari, au unafanya kazi yoyote inayokukutanisha na watu wasio wa kwenu, al-Biruni bila kusita.

Na kama bado hujajua unataka nini, mi nakwambia al-Biruni. Sababu yangu ni hii, majibu mengi ya Ibn Sina kuhusu maumbile yamepitwa, lakini maswali ya al-Biruni unaweza kuyachukua leo ukayajaribu kwa mikono yako, chupa na friza unazo, mlima na bahari tunavyo. Ila hata hapo anza na ule wasifu wa Ibn Sina, jioni moja tu, alafu fungua kitabu cha India sura ya kwanza, anapoorodhesha kwa nini ni vigumu kuwaelewa watu wengine. Ukimaliza sura hiyo usirukie kitabu chote kwa pupa, tafuta zile barua za maswali 18 uone wawili hao wakiwa pamoja, zina tafsiri ya Kiingereza, na ndo utajua mwenyewe sauti ipi unaifuata.